Fundi Nazibrola

Kutaisi, mwezi wa pili, theluji imeoza kandokando ya barabara,
nami namfuata nyuma na begi la funguo,
vipande vya sufi, nyundo ndogo, na uma wa sauti
anaougonga gotini kama mtu anayejibishia hodi mwenyewe.

Miaka sitini na mitatu. Koti lake
lina kifungo kimoja kisicho ndugu wa vingine.
Hakionei haya, wala hakionei fahari.
Ni kifungo. Kinafunga.

Nilikuja kwake nikidhani kujiamini ni kifua mbele,
ni kuingia chumbani kabla mlango haujamaliza kufunguka.
Nilifanya mazoezi kwenye kioo cha shangazi:
kidevu juu, tabasamu, kiganja kikavu.
Kiganja hakikukauka hata siku moja.

Yeye hutaja bei mara moja.
Mwenye piano akinyamaza, naye hunyamaza,
na kile kimya hukaa baina yao kama paka,
kinajilamba, na yeye hakifukuzi.
Mimi ningepunguza lari kumi kabla mtu hajakunja uso,
kisha ningeomba radhi kwa zile zilizobaki.

Akiulizwa asilolijua, husema "Sijui,"
kwa sauti ileile anayosemea "Nipe chai."

Si malaika. Anaogopa mbwa,
na akimwona mbwa huvuka barabara
waziwazi, hata kama ni kijibwa cha kubebwa,
hata kama mwenye kijibwa anacheka.

Siku ile, shule ya muziki, ng'ambo ya mto Rioni,
mpigaji kijana kutoka Tbilisi, Vakhushti, skafu ya hariri,
aligonga noti moja, akaigonga tena, akageuka:
"Nani kaiacha hii imelegea?"
Walimu, mzazi mwenye maua, mkuu wa shule,
wote macho kwa fundi.
Mimi nilikwisha andaa visingizio saba:
baridi, bomba la joto, mbao kuukuu, panya,
fundi aliyetangulia, wanafunzi, Mungu.

Nazibrola akasogea, akainama, akagonga.
Akasikiliza mpaka sauti ikafia ndani ya mbao.
"Kweli," akasema. "Nimekosea."
Basi. Aliyekwisha lipa deni haongezi sarafu.
Akatoa ufunguo, akakaza, robo ya robo,
na shingo yake haikuwa nyekundu. Niliichungulia.

Kijana akanogewa. "Na besi hizi nazo ni nzito."
Akasikiliza tena, vilevile, bila kuharakisha.
"Hapana. Besi ziko sawa."
"Mimi nimepiga Viena."
"Natumaini ulipiga vizuri," akasema, pasipo tone la sumu,
akafunga begi.

Darajani nikamuuliza: uliwezaje?
Nilitegemea hekima, niiandike mahali.
Yeye alikuwa anatafuta glavu ya kushoto.
"Noti moja ilikuwa imelegea. Nyingine hazikuwa."
Kisha, glavu imepatikana: "Wewe ulikuwa unajikuna shingo pale.
Unaogopa nini? Ni piano. Haikujui."

Siku hizi mkono wake wa kulia unatetemeka.
Haufichi mfukoni.
"Kaza wewe," ananiambia mbele ya wateja,
"mimi nitasikiliza."
Nami nakaza, napitiliza, narudisha,
na yeye macho ameyafumba, anangoja,
kana kwamba muda wote wa Kutaisi ni wake.

Juzi, kwa mjane mmoja huko Tskaltubo,
mbao za piano zimepasuka kama kisigino,
mama yule akaniuliza mimi, si yeye:
"Itadumu mpaka mjukuu wangu akue?"
Vile visingizio saba vikapanga foleni kooni.
Fundi alikuwa dirishani, mgongo kwetu.

"Sijui," nikasema.

Ilitoka nyembamba, imepanda robo ya robo kuliko inavyotakiwa.
Fundi hakugeuka.
Mjane akatikisa kichwa polepole,
akaenda jikoni kuchemsha chai.