Mwongozaji wa Kolo

Chupa ya maji iache hapa, mgeni.
Waliotangulia waliunyunyizia mwamba
ili michoro ing'ae kwenye kamera;
iling'aa siku moja, ikafifia jumla.

Panda taratibu. Yule twiga mwekundu
shingo yake imevuka ufa wa jiwe,
na hawa wenye vichwa kama masuke ya uwele
sijui wanacheza ngoma, sijui wanagombea mwanamke.
Usiniulize maana:
mwaka wa kumi na moja huu napanda,
na jibu la masika si la kiangazi.

Kesho Zaituni atakufikisha Kondoa mjini,
unywe chemchemi, uone boma kuukuu,
popo wamepanga humo bure.

Jina lako?
Liandike daftarini.
Mwamba umeshajaa.