Imezimwa, Imezimika

Ujumbe wa Nyamizi ulinifika saa nne usiku.
Isevya umeme ulikuwa umerudi kwa kusuasua,
feni ikijikokota kama mgeni asiyejua aage vipi.
Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Programu yenu iliniambia: Kuna tatizo la sauti.
Nikasema, hilo nalijua,
spika za kompyuta hii zilikufa tangu masika.
Nikabonyeza Sawa.
Shangazi Kalunde akazungumza saa nzima na dakika kumi."

Faili lipo. Amenitumia.
Dakika sabini, mstari ulionyooka kama reli ya kwenda Urambo,
bila kilima, bila pumzi, bila hata jogoo wa Sikonge
ambaye, anasema, aliwika mara mbili.

Sentensi ile ni yangu.
Niliiandika Ijumaa moja, njaa inauma,
nikaiona ya adabu, haimgombezi mtu.
Kuna tatizo la sauti.
Sauti ipi? Ya koo? Ya spika? Ya jirani na redio yake?
Na kile kitufe nilichokiweka chini yake, Sawa,
wakati hapakuwa na kilichokuwa sawa.

Baba alifanya kazi stesheni, kwenye njia panda ya reli,
Mwanza huku, Kigoma kule.
Hakuwahi kupaza kwamba kuna tatizo la treni.
Alitaja behewa. Alitaja gurudumu.
Ukisikia, unajua ushuke au ukae.

Basi nikaketi na vitenzi.
Maikrofoni imezimwa.
Hapana: imezimwa ina mkono wa mtu ndani yake,
na Nyamizi hakuzima kitu.
Imezimika, basi, kama koroboi lililoishiwa mafuta?
Nayo si kweli. Ilikuwa macho, taa yake inawaka,
ila kiwango cha kupokea kilishushwa hadi sifuri
na programu nyingine, ya mkutano wa juzi,
iliyoondoka bila kurudisha kiti mahali pake.
Haisikii? Haisikiki?
Herufi moja tu, na lawama inahama
kutoka sikio kwenda mdomo.
Na lugha yenyewe, hii yetu, haina huruma:
zima ni kuua taa,
nzima ni ile isiyo na ufa.

Saa saba usiku nilikuwa na hii:

*Maikrofoni imeunganishwa, lakini kiwango chake ni sifuri.
Hakuna kinachorekodiwa.
Mwombe anayezungumza asubiri.*

Na vitufe viwili. Ongeza kiwango.
Endelea bila kurekodi.
Sawa nimeifuta.

Asubuhi Mihambo akaisoma amesimama, chai mkononi.
"Ndefu. Kisanduku kinabeba herufi arobaini."
Nikamwambia apanue kisanduku.
"Na huu mstari wa mwisho? Programu inajuaje kama kuna mtu anazungumza?"
Haijui.
Ana haki, haijui.
Tumebishana hadi chai ikapoa,
na mstari bado upo, kwa leo.

Nilimpigia Nyamizi nimwombe radhi,
nikamwuliza, kwa ujinga wangu, kama shangazi angekubali tena.
Akanyamaza, nikatazama simu nione kama imekatika.
Kisha akasema: alikuwa akitaja watoto wake waliotangulia,
wanne, kwa majina, mkubwa hadi mdogo,
na kila mmoja alichokuwa akipenda kula.
Hajawahi kuwataja mbele yetu.
Nilipomwambia haikushika, alicheka kidogo,
akafunga kanga yake.
"Nimeshasema," akasema. "Hicho si kiporo nikupashie."

"Wewe uliwasikia, lakini," nikamwambia.

"Niliwasikia.
Wa tatu jina limenitoka.
Nilikuwa natazama ile taa, kaka,
nikiamini inanishikia."