Mbili kwa Sifuri

Manaus, ukumbi wa shule, feni moja mbovu.
Jucileide anaongoza: pointi mbili
za ule mwereka wa dakika ya kwanza,
na tangu hapo kazi yake ni kubana tu,
kubana na kuibia macho saa ya ukutani.

Sekunde tisa. Mkono wa Dalvanira
umeshapenya chini ya kidevu.
Saba. Taa zinafifia, masikio yanavuma.
Nne. Kiganja cha Jucileide kimefunguka,
kimeinuka kuugonga mkeka —

kengele.

Refa anakishika kiganja kilekile,
anakiinua juu. Ukumbi unashangilia.
Dalvanira, akifunga upya mkanda wake,
hasemi neno. Anakitazama tu.
Jucileide anakikunja.

Medali inaning'inia jikoni, msumari mmoja na kichujio cha kahawa.
Shingo haijui hesabu.