Andika Soksi

Viatu ni vya dada yangu Dobrawa,
vinanipwaya; nimejaza pamba kwenye ncha.
Koti ni langu, ila kifungo cha pili
kimetoka koti jingine.
Kituoni, Łódź, Februari, reli zimeganda,
nami nakariri njia za kupanga namba
kwa midomo isiyotoa sauti.
Bibi mwenye mbwa akadhani nasali,
akainamisha kichwa.

Huu ni usaili wa tano.
Wa kwanza walinijibu baada ya dakika kumi na moja:
"Tunakutakia kila la heri."
Dakika kumi na moja! Hata chai haijapoa.
Wa pili, kimya hadi leo.
Wa tatu walitaka mwanagenzi
mwenye uzoefu wa miaka miwili.
Nikamuuliza Gniewko, jirani yangu bwenini:
"Uzoefu unapatikana wapi?"
"Kazini."
"Na kazi?"
"Kwa wenye uzoefu."
Akacheka peke yake, akaendelea kukaanga mayai.

Daktari Korzec alitufunza mwaka wa kwanza:
kila kitanzi kiwe na mlango wa kutokea,
la sivyo mashine itazunguka, itazunguka,
feni itapiga kelele, nanyi mtalaumu umeme.
Hakutuambia kwamba kitanzi
mtu anaweza pia kukivaa shingoni, asubuhi,
akakifunika kwa skafu.

Wa nne sitaki kuusema.
Nilishuka kwa ngazi, ghorofa sita,
nisikutane na mtu kwenye lifti.

Jengo la leo lilikuwa kiwanda cha nguo:
matofali mekundu, madirisha marefu,
na sasa zulia la kijani, mashine ya kahawa.
Bi Halszka ana kikombe kilichovunjika mpini.
Ananipa kalamu ya bluu, ananionyesha ubao.
"Orodha hii ina namba elfu kumi.
Moja imejirudia. Itafute."

Jana usiku jibu nilikuwa nalo,
nilimchorea Gniewko kwenye ukungu wa dirisha la jikoni.
Leo mkono umekuwa wa mtu mwingine.
Nikaandika mstari, nikaufuta kwa kiganja,
nikaandika uleule tena, nikaufuta.
Ukutani, ndani ya mabomba ya joto,
maji yakagugumia kama tumbo lenye njaa.
Au lilikuwa langu.

Nikasema, "Sijui."
Neno dogo. Mara nne nililifunika
kwa maneno ya vitabuni,
kama mgeni afunikaye kwa sahani
doa alilolimwaga mezani.
Bi Halszka hakuandika kitu.
Akauliza: "Unajua nini?"

Nikamwambia ninachokijua:
mama yangu, akianua nguo, hapekui rundo zima
kila anapookota soksi.
Huzilaza kitandani, kila moja na mahali pake,
na ya pili ikija, macho yanajua pa kwenda.
Nikasikia nilichokisema. Nikaona haya.
"Basi," akasema, "andika soksi."

Nikaandika soksi.
Vitanzi viwili vikawa kimoja,
hicho kimoja kikapata mlango,
wino ukakauka kwenye mstari wa mwisho,
nikaukwaruza hivyohivyo, ukasomeka kwa shida.

Kosa nililigundua ndani ya tramu, kituo cha tatu:
nilianza kuhesabu na moja badala ya sifuri.
Soksi ya kwanza kabisa imebaki nje ya kitanda.
Nikajipiga paji la uso,
na bluu ya kiganja ikabaki pale
hadi bwenini, abiria wote wakitazama, hakuna aliyesema.
"Wamekuajiri," akauliza Gniewko, "au wamekupaka rangi?"

Siku ya sita leo.
Simu nimeilaza kifudifudi kando ya jiko.
Dobrawa anataka viatu vyake Jumapili.
Nimevifuta chumvi ya barabarani,
nimevipaka dawa, vimeng'aa.
Pamba sijaitoa.