Deni

Mghanga aliniachia funguo mbili na mbwa,
akapanda basi la Wundanyi kumzika shemejiye.
"Siku nne tu, Bi Mwanakheri. Ni amana."
Mbwa anaitwa Deni:
mtu wa Changamwe alishindwa kulipa elfu tatu,
akamletea kitoto cha mbwa ndani ya katoni ya sabuni.

Siku ya pili Deni akafanya yake.
Nyuma ya harusi ya kina Shekue, kwenye mapipa,
alikuta mifupa ya mbuzi, mafuta yaliyoganda, achari,
na Mungu ajuaye nini tena.
Usiku kucha alikwaruza lango la uani.
Asubuhi saruji yote imeandikwa
kwa wino ambao sikutaka kuusoma.

Daktari wa mifugo kule Ganjoni hakuinua kichwa.
"Wali uliolainika. Kuku wa kuchemsha,
bila ngozi, bila mfupa. Kidogo kidogo, mara nne kwa siku.
Usitie chumvi. Usitie mafuta. Kitunguu ni sumu kwake."
"Na nazi?"
Hapo ndipo aliponitazama.

Mimi, Mwanakheri binti Athmani,
niliyewapikia pilau watu mia sita Makadara, mvua ikinyesha,
ninayeitwa toka Kisauni hadi Likoni
nipime bizari kwa kiganja,
leo nipike wali wa maji matupu!
Mbuzi yangu ya kukunia ilikaa pembeni,
ulimi nje, haiamini.

Nikatoa sufuria kongwe, nikaitia alama ya rangi nyekundu
isije ikachanganyika na za watu.
Bi Saumu akachungulia juu ya ukuta:
"Kuku? Kwa mbwa? Na bei ya Marikiti ilivyo?"
"Nusu kuku," nikamjibu.
"Dawa ya deni kulipa, mwanangu, si kupikia."
Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Mkono una akili zake.
Mara tatu uliifuata chumvi, mara tatu niliurudisha.
Mchele ukachemka hadi ukavunjika,
ukawa mweupe, mzito, hauna la kusema.
Kuku nikamchambua uzi kwa uzi
kama nilivyomchambulia mama mwaka wake wa mwisho.

Kisha nikaonja.
Mpishi haachi chungu bila kuonja, hata hiki.
Miaka arobaini na moja nimepika mchele
na sikuwahi kukutana nao uso kwa uso.
Una utamu wake, mdogo, wa mbali,
kama mtu mpole katika nyumba ya makelele.

Deni alinusa kifuniko cha ndoo,
akaniangalia kama mgeni aliyeahidiwa biriani.
Akageuka. Akarudi.
Vijiko vitatu, akalala.
Adhuhuri vitano.
Magharibi alikilamba kifuniko mpaka kikasogea
kikagonga ukuta wa Bi Saumu,
halafu akanilamba mimi,
kiganja kilekile cha bizari.
Nikaosha mara saba, moja kwa udongo.
Sikukasirika.

Siku ya tatu nikaongeza boga la kuchemsha,
na choo kikashikana.
Sikujua kitu kama hicho chaweza kumfurahisha mtu mzima,
nikampigia Mghanga simu katikati ya matanga.
Alinyamaza, kisha nikamsikia akicheka
mbele za waombolezaji.

Alirudi na gunia la viazi, macho mekundu.
Deni alimrukia nusura amwangushe.
"Ulimpa nini?"
"Sikumpa kitu," nikasema,
na ilikuwa karibu na kweli.

Jioni nilipasua nazi, nikakuna, nikakamua.
Tui likakaa tayari kwenye bakuli.
Lakini kabla sijalimimina
nilichota kijiko kimoja cha wali mtupu,
nikasimama nacho mlango wa uani, nikala polepole.