Doa la Elburgon

Setilaiti ilipita Jumanne, mawingu yakaipisha.
Kwenye kioo cha Chelangat msitu wote ulikuwa kijani
ila doa moja, dogo kama ukucha,
rangi ya chai iliyopoa.

Tulipanda na panga, gambuti na ramani.
Misonobari ilisimama wima, kama watu wazima
wasiotaka kusema wanaumwa.

Nikabandua gome.
Chini yake vijia, vijia,
mwandiko wa asiyeinua kalamu,
na unga mwepesi ukamwagika juu ya buti.

"Uliwaonaje kutoka huko juu?"
"Sikuwaona. Niliona kiu."

Bondeni misumeno ya kiwanda ilikuwa inalia.
Tukahesabu mashina: arobaini na moja.
La arobaini na mbili nililigonga mara mbili,
nikasikiliza,
nikaliacha bila alama.