Kilima Kisichochimbwa

Kile kilima cha shamba la Prosser si kilima.
Mungu hakukiumba; kiliumbwa kwa vikapu.
Watu wa bonde hili, karibu miaka elfu iliyopita,
walipanga mstari kutoka handakini hadi juu,
udongo begani, mvua ya Machi shingoni,
na Mnormani juu ya farasi akihesabu.
Hakuna aliyeandika jina la mbebaji hata mmoja.
La farasi, nasikia, liliandikwa.

Kileleni wakasimika mnara wa mwaloni,
si wa kuwalinda. Wa kuwachunga.
Ukifuka moshi jikoni mwako, ameuona.
Ukichinja usiku, asubuhi anaulizia paja.

Mnara ukaoza. Mvua haina bwana.
Zikabaki nyasi, kondoo, na kibao cha serikali:
Eneo hili linalindwa kwa sheria. Usichimbe.
Kila vuli Bi Averil Tranter huja na buti na futi kamba,
akakipima kama mkunga apimaye tumbo.
"Hakijapungua," humwambia baba.
"Wala mimi," hujibu baba, akishika mkanda.

Mbwa wetu Fflos alipokufa
baba alitaka kumzika pale juu,
alipozoea kuketi akiwatazama kondoo
kama kabaila mdogo mwenye kupe.
Bi Averil alivua kofia, akalia kidogo, akakataa.
Jembe haliruhusiwi. Hata la msiba.

Tukamzika nje ya uzio, hatua moja tu,
baba akinung'unika kwa kila pigo la sepetu:
mababu zake walichapwa ili wachimbe,
yeye akichimba anatozwa faini.
Sheria msumeno, kweli;
ile ilikata ikienda, hii yakata ikirudi,
na mti ni sisi wale wale.

Lakini fuko hajui kusoma.
Alfajiri ya leo ametoa kifusi kibichi
ubavuni mwa kilima, ndani kabisa ya mpaka,
na juu ya kifusi kigae chekundu,
na katika kigae, kilichobonyea kabla ya moto,
alama ya dole gumba.
Nimeweka langu. Limeenea.

Natakiwa nipige simu ofisini.
Simu ninayo. Mtandao upo, leo hata huku upo.
Baba ananiita chai inapoa,
anauliza nimeona nini huko muda wote huo.

"Fuko," namjibu,
na dole bado limo.